Vibiriti vya gesi kwa Nyanda za Juu Kusini: kipi utie mfukoni, na ukibebe vipi

Ukiingia duka lolote pale Mwanjelwa, au ukisimama kwenye vibanda vya stendi ya Mafinga, utakuta boksi la vibiriti vya gesi juu ya kaunta, rangi zote, na muuzaji atakwambia vyote ni vilevile, chagua rangi tu. Kwa anayekaa Dar es Salaam na kuwashia jiko ndani, ushauri huo haumdhuru sana. Kwa anayelima viazi Uporoto, anayelala hemani Kitulo mwezi wa saba, anayekimbiza bodaboda Tukuyu mvua ikinyesha au anayeingia porini kulina asali, ni ushauri mbaya. Vibiriti hivyo havifanani ndani, na baridi, unyevu na mwinuko wa huku hufichua tofauti zao mapema.

Hapa vimepimwa kwa aina, si kwa rangi: cha kigurudumu na jiwe, cha turbo, cha petroli chenye utambi, na kile cha kuchaji kwa waya wa simu. Niseme mapema ninachokitetea. Kwa mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, kibiriti cha kwanza mfukoni kiwe cha kigurudumu na jiwe, chenye mwali usiorekebishwa, plastiki nene, kikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na kibonyezo chake kizuiliwe. Vingine vyote ni vya kusaidia.

Kwa nini baridi hukizima kibiriti kilichojaa

Ndani ya tangi kuna butani iliyogandamizwa hadi ikawa majimaji. Ukibonyeza, valvu inafunguka, majimaji yanageuka mvuke na kutoka kwa presha yake yenyewe, kwa kuwa hakuna pampu wala springi inayoisukuma. Presha hiyo inafuata joto. Kwenye nyuzijoto 20, mchana wa kawaida Mbeya mjini, presha ndani ya tangi ni kama mara mbili ya hewa ya usawa wa bahari. Kwenye nyuzi 50 inakaribia mara tano. Kwenye sifuri inashuka hadi kulingana na hewa ya pwani, kwa sababu butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri.

Sasa chukua kibiriti kilicholala nje ya hema Kitulo, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, usiku ambao nyasi zinaamka na jalidi. Tangi limejaa, ila gesi haina nguvu ya kutoka. Mwinuko wenyewe unasaidia kidogo: hewa ya juu ni nyepesi, hivyo butani huchemka kwenye joto la chini zaidi, takriban nyuzi 8 chini ya sifuri kwa kimo hicho. Ndiyo maana hakifi kabisa. Kinatoa kimwali cha buluu kisichozidi ukucha, na pumzi ya mtu inatosha kukizima. Watu wengi hudhani gesi imeisha, wanakitupa kikiwa kizima. Tiba yake ni dakika mbili au tatu kwapani au ndani ya ngumi iliyofumbwa, basi. Usikikaribishe kwenye makaa ili kipate joto. Tangi la plastiki halijui kuonywa mara mbili.

Gesi nazo zinatofautiana. Isobutani huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri, kwa hiyo kibiriti kilichotiwa isobutani kinavumilia alfajiri ya Makete kuliko chenye butani ya kawaida. Ukinunua kopo la gesi ya kujazia, soma ubavuni. Penye chaguo, chukua lenye isobutani kwa matumizi ya huku juu.

Cha kigurudumu na jiwe

Lile "jiwe" ni mchanganyiko wa madini ya seriamu na chuma, uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Kigurudumu cha chuma chenye meno kinalikwangua, vipande vidogo mno vinaruka, na vinashika moto vyenyewe vikigusana na hewa. Faida yake kubwa ni kwamba kila ukizungusha unapata kundi zima la cheche zinazosambaa juu ya tundu la gesi, si cheche moja. Gesi ikitoka kidogo, au ikisukumwa pembeni na upepo, bado kuna cheche itakayoikuta. Cheche hizo hazidhoofiki kwa baridi, na kilele cha Rungwe chenye mita 2,960 hakizisumbui.

Udhaifu wake unajulikana na unatibika, na hilo ndilo linalonifanya nikiamini.

Maji ndiyo adui wa kwanza. Jiwe likilowa, unga wake unachanganyika na maji na kuwa tope la kijivu linaloziba meno ya kigurudumu. Mtu akikizungusha kwa hasira huku kimelowa anazidisha tope. Kikung'ute kwa nguvu kichwa kikiwa chini, pulizia ndani ya kofia ya bati, kisha kiviringishe kigurudumu polepole juu ya kitambaa kikavu bila kugusa kibonyezo. Suruali ya jinzi inafaa sana. Rudia mpaka cheche za kwanza zionekane, ndipo ubonyeze. Kikiwa kimezama kabisa mtoni, kipe robo saa hivi ndani ya mfuko wenye joto kabla ya kuanza.

Adui wa pili ni uchafu wa mfukoni. Nyuzi za nguo, makombo ya tumbaku na vumbi jekundu la barabara za vijijini hujikusanya chini ya kofia, zinalala juu ya tundu la gesi, na mwali unatoka umepinda au unakataa. Pini moja inatosha kuusafisha. Usiiingize pini kwenye tundu lenyewe. Kwangua pembezoni, kisha pulizia.

La tatu halisemwi mara kwa mara, nalo linahusu hasa Rungwe, Busokelo na Kyela, kwenye mvua nyingi. Jiwe hushika kutu. Kibiriti kilichokaa miezi mingi ndani ya begi lenye unyevu, jiwe lake hufura na kumeguka kuwa unga, na kigurudumu kinakwama hata kama gesi imejaa. Kwa hiyo kibiriti cha akiba kisisahauliwe kwenye begi. Kila mwezi kizungushe mara chache, uone cheche.

Mwisho, jiwe huisha. Dalili ni kigurudumu kuzunguka kilaini bila ukinzani. Wakati huo springi iliyo chini ya jiwe inaweza kulirusha lile lililobaki, kwa hiyo usikilete karibu na macho kukichunguza.

Kuhusu majina: BIC, ya Ufaransa, walianza kuuza kibiriti chao cha gesi mwaka 1973. Mwili wake ni plastiki nene, mwali haurekebishwi, na hakijazwi tena. Ninakipenda kwa ugumu wake. Kasoro ni kwamba mwili wa rangi hauonyeshi gesi iliyobaki. Njia ya kujua ni kukipima kikiwa kipya na kuandika uzito huo kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni, halafu kukipima tena baadaye. Ile mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu wa Chunya inasoma tofauti ya gramu moja bila shida. Clipper, ya Hispania, ni ya mviringo, inajazwa tena kwa chini, na sehemu yote ya kigurudumu na jiwe huchomoka juu ili ubadilishe jiwe. Kwa anayetaka kibiriti cha miaka, si cha miezi, hicho ndicho cha kutafuta, mradi apate na gesi ya kujazia.

Vile visivyo na jina, vya plastiki inayopitisha mwanga, vina sifa moja halali: unaona gesi. Kwa jikoni vinatosha. Kwa porini vinahitaji ukaguzi kabla ya kulipa, na ukaguzi huo nimeueleza mbele.

Turbo

Hiki ndicho kinachouzika kwa macho. Kinanguruma, kinatoa mshale wa buluu, muuzaji anakielekeza kwenye feni na hakizimiki. Kwenye jua la Iringa mjini kinafanya kazi vizuri kweli, na kwa kuchomea ncha za kamba za katani au za nailoni zisifumuke hakina mpinzani.

Shida ni namna kinavyofanya kazi. Gesi hutoka kwa kasi kupitia tundu dogo sana, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia vitundu vya pembeni ili vichanganyike kabla ya kuwaka. Baridi ikipunguza presha, kasi inapungua, hewa inayovutwa haitoshi, na mchanganyiko unaharibika. Kupanda juu kunaleta taabu nyingine: hewa yenyewe ni nyepesi, na kibiriti kilichorekebishwa kwa hewa ya bondeni kinatoa gesi nyingi mno kwa hewa iliyopo. Juu ya hayo, turbo nyingi huwashwa kwa cheche moja ya umeme inayotokana na nyundo ndogo kugonga kipande cha fuwele kinachotoa umeme kikigongwa, ndani ya kibonyezo. Cheche ni moja, mahali ni pamoja, na ukungu ukituama kwenye ule waya mdogo, inapita njia nyingine na kukosa gesi. Cha kigurudumu kina cheche nyingi na mwali wa kawaida usiodai mchanganyiko kamili. Turbo kinadai kila kitu kiwe sawa kwa pamoja.

Ukiwa nacho na kimekataa kwenye baridi, kipashe mwilini kwanza, kisha geuza kirekebishi upande wa kupunguza, si wa kuongeza. Wengi huongeza gesi kikikataa, na hapo ndipo wanapokizamisha. Kikipata cheche kwenye gesi kidogo ndipo upandishe taratibu.

Tundu lake pia huziba upesi kwa gesi chafu ya kujazia. Na kina kiu: tangi linalodumu wiki kadhaa kwenye kibiriti cha kawaida huisha haraka zaidi kwenye turbo. Kibebe kama cha pili. Ukiamua kutembea nacho peke yake kwenda Kitulo, unajiweka mahali pagumu kwa sababu ya mngurumo.

Cha petroli chenye utambi

Zippo, kutoka Bradford, Pennsylvania nchini Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932, ndicho kielelezo cha aina hii, na kuna vingi vinavyokiiga. Ndani hakuna gesi: kuna pamba iliyoloweshwa mafuta mepesi na utambi. Kwa sababu hakitegemei presha, baridi ya Njombe haikigusi, na kofia yenye vitundu inaulinda mwali dhidi ya upepo kuliko kibiriti chochote cha gesi cha kawaida. Kinawaka bila kushikiliwa, jambo zuri mikono ikiwa imekufa ganzi, na baya mno kikikuponyoka kwenye nyasi kavu.

Tatizo ni kwamba mafuta hupotea yenyewe hata usipokiwasha. Baada ya siku saba hivi mfukoni kinaweza kuwa kikavu. Kwa hiyo kinamfaa mtu mwenye nidhamu ya kukijaza kila anapoondoka. Kujaza kwenyewe: chomoa kiini kutoka kwenye ganda, inua kipande cha sufu kilicho chini, dondoshea mafuta kwenye pamba kidogokidogo mpaka ilowe bila kuvuja, funika, futa kiini na vidole mpaka vikauke, rudisha, subiri dakika chache ndipo uwashe. Ukikijaza kupita kiasi na kukitia mfukoni, mafuta hupenya kitambaa na kuchoma ngozi ya paja kama upele mbaya. Chini ya ile sufu pana nafasi ya kuweka jiwe la akiba; itumie.

Petroli ya kituo cha mafuta isitumike. Inatoa masizi na harufu kali, ina vikolezo vya injini visivyofaa kuvutwa karibu na uso, na mvuke wake ni mwepesi kushika moto wakati wa kujaza. Kabla hujanunua aina hii, hakikisha duka lina mafuta yake maalumu. Kama hayapo, acha kibiriti pia.

Vile vya kuchaji, vinavyotoa miale miwili ya umeme, havina mengi ya kusemwa hapa. Upepo hauvizimi, na kwa mshumaa au karatasi vinafaa. Lakini nafasi kati ya ncha ni ndogo, kijiti kinene hakiingii, betri hudhoofika kwenye baridi, na ncha zikilowa havitoi kitu. Ni vya mjini.

Kukagua kaunta, kabla ya kulipa

Mwambie mwenye duka kwa heshima, "Mama, naomba nikijaribu kwanza." Hakuna muuzaji wa maana atakayekataa. Shika kibiriti wima, washa, hesabu mpaka tano, achia. Mwali lazima ufe ndani ya sekunde mbili. Ukiendelea kuelea juu ya tundu baada ya kuachia, valvu haifungi, kirudishe. Kiwango cha kimataifa cha vibiriti, ISO 9994, kinataka mwali usiorekebishwa usipite milimita 50, na unaorekebishwa usipite milimita 120 hata ukifunguliwa mpaka mwisho. Milimita 120 ni urefu wa kutosha kuunguza nyusi. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea usiorekebishwa. Kiwango hichohicho kinadai kibiriti kivumilie kuangushwa kutoka mita 1.5, na kukaa saa 4 kwenye nyuzijoto 65. Ukikuta alama hiyo kwenye kifungashio, ni dalili njema.

Kisha kiweke sikioni bila kukibonyeza. Ukisikia mluzi mwembamba, kinavuja. Angalia tangi la kuonekana: kiwango cha gesi hakitakiwi kufika juu kabisa, kwa sababu gesi inahitaji nafasi ya kutanuka ikipata joto. Majimaji yasizidi asilimia 85 ya tangi. Kibiriti kilichojazwa pomoni hakina ukarimu wowote ndani yake, kina hatari. Mwisho, gusa kofia ya bati kama inacheza. Ikichomoka mkononi, kigurudumu na springi vitaifuata.

Kukibeba

Vibiriti vingi haviishi gesi kwa kutumika, huisha kwa kujibonyeza. Funguo, sarafu au kona ya simu inakandamiza kibonyezo, gesi inatoka kimyakimya bila cheche, na ukifika kambini tangi ni tupu. Kuna dawa rahisi kuliko zote: kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote Uyole au Ilula atakukatia kutoka kwenye tyubu iliyochoka. Upana wa sentimita 2 hadi 3 unatosha. Kivute kikae kwenye mwili wa kibiriti, kisha sukuma ukingo wake uingie chini ya kibonyezo, katikati ya kibonyezo na tangi. Sasa hakibonyezeki. Ukitaka kuwasha, kisukume chini kwa kidole gumba. Inachukua sekunde moja. Tyubu hiyo inafanya kazi nyingine pia: ukikata ukanda wake mwembamba na kuuwasha, unawaka hata ukilowa, kwa moshi mweusi na harufu mbaya, lakini unawaka muda wa kutosha kushikisha vijiti. Usiutumie ndani ya nyumba wala karibu na chakula.

Mahali pake ni mfuko wa ndani wa shati au jaketi, kichwa kikiangalia juu, peke yake. Mfuko wa nyuma wa suruali haufai: unakikalia, unakipasua. Kwa mvua ya Tukuyu, kichupa cha vidonge chenye kifuniko cha kukaza kinakipokea kibiriti kidogo vizuri kabisa, na nafasi inayobaki ijazwe pamba kavu, ambayo ni kiwashio cha dharura. Cha pili kikae kwenye begi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na kile cha kwanza ili maji yasivikute pamoja. Boksi la njiti ndani ya mfuko huohuo halina uzito wa kulalamikiwa.

Bila gesi kibiriti bado kina cheche. Kwangua unga wa jiwe taratibu juu ya pamba iliyochambuliwa, kisha zungusha kigurudumu kwa nguvu mara moja karibu nayo. Pamba inashika.

Na ukiwasha moto, usikitumie kibiriti kama jiko. Wengi hukishikilia chini ya kuni mbichi nusu dakika nzima. Bati linapata moto, plastiki inayoshikilia kigurudumu inalegea, na kidole gumba kinaungua. Mwisho ni sekunde 10, kisha kipumzike. Washa kipande cha mshumaa kwanza, mshumaa ndio ufanye kazi ya kukausha vijiti. Ukiwa Mufindi au Njombe, vibanzi vya paini vyenye utomvu, vile vya rangi ya chungwa vinavyonata, vinashika moto kwa mguso mmoja hata siku ya manyunyu.

Kujaza

Fanya nje, mbali na jiko, sigara na mshumaa. Butani ni nzito mara mbili ya hewa. Haielei juu ikaondoka, inatambaa chini na kutuama, na asilimia 2 hivi tu ya gesi ndani ya hewa inatosha kushika moto. Rudisha kirekebishi kwenye kiwango cha chini kabisa. Kwa bisibisi ndogo bonyeza valvu ya chini utoe hewa na mabaki, mpaka mluzi uishe. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo maana tangi lao hujaa nusu: hewa iliyobaki inaizuia gesi mpya kuingia. Kiweke kibiriti mahali pa baridi dakika kumi. Kopo la gesi likae kwenye joto la kawaida. Geuza kibiriti kichwa chini, simamisha kopo juu yake likielekea chini, sukuma moja kwa moja bila kulipinda, sekunde 3 hadi 5, pumzika, rudia. Gesi ikianza kurudi nje, acha. Subiri dakika tano kipate joto, kisikilize sikioni, ndipo ukiwashe ukiwa umenyoosha mkono mbali na uso.

Kibiriti kisicho na valvu ya chini hakijazwi. Kutoboa tangi na kuliziba kwa gundi ni kujitengenezea bomu dogo la mfukoni.

Mahali ambapo hakitakiwi kuwa

Dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzijoto 60 kwa urahisi. Ukishuka kutoka Iringa mjini kwenda Pawaga au kuelekea Ruaha, joto linabadilika sana kwa safari fupi, na kibiriti kilichokuwa salama mlimani kinatanuka bondeni. Kitoe kwenye gari. Usiku hemani kikae nawe kwa sababu ya baridi, lakini kile kilichoonyesha dalili ya kuvuja kilale nje, maana gesi inatuama palepale unapolala.

Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, nyasi za Kitulo na sakafu ya sindano kavu za paini katika shamba la miti la Sao Hill zinasubiri cheche moja. Washa moto pale tu wahifadhi walipoelekeza, fagia chini mpaka kwenye udongo, na hakikisha mwali wa kibiriti umekufa kabla hujakirudisha mfukoni.

Watoto: Marekani tangu mwaka 1994 inataka vibiriti vya kawaida viwe na kizuizi kinachowashinda angalau watoto 85 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano. Ni ule mkanda wa bati juu ya kigurudumu unaofanya kiwe kigumu. Vijana wengi huung'oa ili kiwake kirahisi. Nyumbani kwenye mtoto uache palepale, na hata hivyo kibiriti kikae juu, si kwenye kigae cha jiko.

Ukipanda ndege Songwe, kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu kibiriti kimoja kidogo cha kawaida, kikiwa mwilini mwako, si kwenye begi. Turbo ya mwali wa buluu hairuhusiwi popote, wala kopo la gesi au mafuta ya kujazia. Cha kuchaji kikae nawe kikiwa na kifuniko cha usalama, na hakichajiwi ndani ya ndege. Shirika lako linaweza kuwa kali zaidi ya hapo, waulize kabla ya siku ya safari.

Na kilichokwisha kisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto, kosa la kila nyumba huku kwetu. Hata kinachoonekana kitupu kina gesi ya kutosha kupasuka na kurusha bati. Kifunge kibonyezo kwa mpira kikiwa kimebonyezwa, kiache nje kwenye upepo mbali na moto, saa moja au mbili. Kisipotoa mluzi tena sikioni, na ukikitikisa usisikie kitu kikicheza ndani, ndipo kinafaa kuingia kwenye taka.